Kola

Kazi yangu ni mabega ya watu.
Miaka ishirini na sita katika duka la suti, mjini Oulu,
na brashi ya singa za farasi mfuko wa kulia.
Kila anayevaa koti mbele ya kioo
nampiga brashi mara mbili, bega kwa bega,
namwambia, "Limekukaa."

Mabega yangu siyatazami.
Nilijifunza kuvaa kijivu,
kijivu cha majivu, kisichosema.
Jarkko, mwenye duka, anataka nyeusi siku za wageni;
siku hizo kichwa sikiinamishi,
nashuka kwa magoti kupima suruali
kama mtu aliyebeba yai utosini.

Huanza Oktoba, hita zikiwashwa.
Kwanza nyuma ya sikio, kamwasho kadogo,
kenye adabu, kanabisha hodi.
Kufika Desemba kamehamia na ukoo wake.
Usiku najikuna usingizini,
asubuhi nakuta ushahidi chini ya kucha.
Kila mtu hujikuna ajipatapo, walisema wahenga.
Mimi najipata kote, hilo ndilo tatizo.

Nimejaribu. Siki ya tufaha: nikanuka saladi.
Lami ya msonobari, ile ile babu zetu walizibia mashua:
nikanuka bandari nzima,
na mba, kumbe, inajua kuogelea.
Daktari wa ngozi, kijana, hakuvua hata glavu.
"Ni kuvu. Kila mtu anayo. Ila kichwa chako
hakijui kuishi nayo kwa amani."
Akaandika shampuu ya dawa, mara mbili kwa wiki,
povu likae dakika tano.
"Itaondoka?"
"Itatulia," akasema, akaitazama saa.

Na usiniambie theluji. Wote huniambia theluji.
Theluji ina mwezi wake wa kuondoka.

Jumanne akaja Bibi Orvokki na mfuko wa plastiki.
Ndani, koti la mumewe, la samawati iliyokolea.
"Chukua vipimo hapa," akasema. "Mwenyewe hatakuja.
Anazikwa Ijumaa."
Nikalitandaza mezani. Upana wa kifua. Urefu wa mkono.
Kisha mkono wangu, bila kuniuliza,
ukaingia mfuko wa kulia,
maana kwenye kola ile, na chini kidogo, begani,
palikuwa na unga mweupe ninaoujua
kama ninavyoujua mwandiko wangu.

"Hapana," akasema.
Si kwa ukali. Kama unavyomzuia mtoto mlangoni.
"Miaka thelathini na minane nimempangusa Veijo.
Kanisani, kwenye basi, mbele ya wakwe zetu.
Nilimgombeza. Nilimwambia, unanitia aibu.
Hiyo . . . iache."

Brashi ikabaki hewani.
Sikupata la kusema, nikataja bei.

Tukachagua nyeusi. Lile la zamani nikalikunja
taratibu, kola kwa ndani,
kama afungaye dawa ya unga kwenye karatasi.
Akalipa. Akavaa glavu. Akavua moja,
akanyoosha mkono juu ya kaunta,
akanipangusa bega la kushoto, mara mbili,
haraka, bila kuniangalia, kwa mazoea.
La kulia hakulifikia.
"Una mke?"
"Tuliachana."
Akatikisa kichwa, kama aliyeambiwa hali ya hewa.

Sasa nimesimama bafuni, povu utosini.
Dakika ya kwanza. Ya pili.
Macho yanachoma, ni shampuu.
Koti nimelitundika mlangoni
na bega lake la kulia sijaligusa.
Dakika ya tatu.
Nyuma ya sikio kitu kinabisha hodi.
Nakisikia. Sijikuni bado.